Tope la chooni shambani: kinachokufa na kisichokufa

Gari la kunyonya choo likimaliza kazi mtaani kwenu, linaelekea wapi? Kwa Dar es Salaam, mojawapo ya majibu ni mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Maji hupita bwawa hadi bwawa, na kinachozama hubaki chini kama tope jeusi, zito. Siku moja lazima litolewe. Lipelekwe wapi?

Wengi wanaosomea udongo watakuambia: shambani. Hesabu yenyewe inavutia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Tani moja ya tope lililokaushwa inaweza kuwa na kilo 20 hadi 50, yaani kama mfuko mmoja au miwili, ingawa nyingi hutoka polepole kadiri vijidudu vya udongo vinavyolila tope. Ongeza fosforasi, ambayo vinginevyo tunaichimba kwenye miamba kama ile ya Minjingu, halafu ongeza mabaki yanayousaidia udongo wa kichanga kushika maji.

Sasa tuje kwenye minyoo. Askaris jike aliye tumboni mwa mtu anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Ganda la yai hilo ni gumu ajabu, na linaweza kukaa udongoni miaka kadhaa likisubiri mchicha usiooshwa vizuri. Kwa hiyo ukiona tope limekauka, halinuki tena, linafanana na udongo wa kawaida, usidanganyike. Wiki chache za jua hazitoshi.

Kinachoua mayai haya ni joto. Changanya tope na maranda ya mbao au majani makavu, lirundike, na bakteria wanaokula mabaki watalipasha wenyewe hadi kupita nyuzi 55. (Chomeka mkono kwenye rundo linalofanya kazi, utautoa haraka.) Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka rundo la wazi la namna hii likae kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5. Kwa nini ligeuzwe? Kwa sababu pembeni huwa pamepoa, na mayai ya huko yatabaki hai. Asiye na rundo anaweza kusubiri: Shirika la Afya Duniani linashauri kulihifadhi tope zaidi ya mwaka mzima katika maeneo ya joto kama yetu. Lengo ni kubaki na chini ya yai 1 kwa kila gramu ya tope kavu.

Hayo yote ni kwa vitu vyenye uhai. Risasi na kadimi haziuawi kwa joto. Tena rundo linapooza na kupungua uzito, metali hizo hubaki palepale na kukolea zaidi.

Jimbo la Maine, Marekani, linalijua hili. Kwa miaka mingi wakulima wa huko walimwaga tope la miji mashambani kwa kibali cha serikali. Mwaka 2016 shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Arundel likagundulika kuwa na kemikali za PFAS, zile za vikaango visivyogandisha chakula na nguo zisizoloa. Zilikuwa kwenye udongo, kwenye nyasi na kwenye maziwa. Biashara ya maziwa ikafa. Mwaka 2022 jimbo likapiga marufuku kabisa kumwaga tope mashambani.

Je, na sisi tupige marufuku? Mimi nasema hapana, kwa sababu moja: nyumba zetu nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Choo cha shimo hupokea ya watu, si ya kiwanda cha rangi wala cha ngozi. Tope lake linaweza kuwa safi kuliko la jiji kubwa la Ulaya, mradi watu wasitupe betri humo, na mradi gari lisiende kulimwaga kwenye bwawa linalopokea pia maji ya viwandani. Likishachanganyika, hakuna rundo litakalolitenganisha.

Basi ukiuziwa mfuko wa mbolea hii, usiulize tu kama inanuka. Uliza tope lilitoka wapi, lilikaa kwenye joto gani kwa siku ngapi, na nani alipima metali. Majibu yakiniridhisha, ningeanza na mahindi na migomba. Nyanya za kachumbari zingesubiri.