Kumjua Mtu Si Kumkisia

Ugomvi mwingi wa nyumbani, wa kazini na wa kwenye makundi ya WhatsApp huanzia kwenye lawama moja: "Alipaswa kujua." Mke alipaswa kujua kuwa mumewe anatania. Bosi alipaswa kujua kuwa kimya cha mfanyakazi kilitokana na woga. Jirani alipaswa kujua kuwa aliyempita bila salamu alikuwa na haraka zake. Anayelalamika hivyo huwa mkweli, kwa sababu kwake jambo lilikuwa wazi. Anayelalamikiwa naye hushangaa kwa dhati, kwa sababu kwake halikuwa wazi hata kidogo. Mazoea yetu ni kumtafuta mkosaji mmoja: huyu hasikilizi, yule hajui kujieleza. Lakini wanasaikolojia wamelichunguza suala hili kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yao yanaelekeza kwingine. Mtu hujijua kwa nia, hofu na mawazo yanayompitia moyoni, ilhali mwenzake humjua kwa maneno, uso na matendo. Ni ushahidi wa aina mbili, na kila mmoja hudhani mwenzake anao ule alio nao yeye. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo halizibwi na mapenzi, wala ukaribu, wala bidii ya kukisia. Huzibwa na kuuliza na kuhakikisha, na mzigo wa kuuliza unamwelemea zaidi aliye juu kuliko aliye chini.

Tumtazame kwanza anayesema. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka baadhi ya washiriki wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, na wengine wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3 tu. Anayegonga husikia kichwani wimbo mzima, maneno na ala zake. Anayesikiliza husikia kidole juu ya ubao. Kinachofundisha zaidi ni kuwa mgongaji hawezi kuuzima wimbo huo kichwani ili asikie anachosikia mwenzake. Miaka 15 baadaye, mwaka 2005, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kuhusu baruapepe. Walioandika sentensi za kejeli na za kweli walitarajia wasomaji wazitofautishe kwa kiasi cha asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56, ilhali kwa kubahatisha tu mtu angepata 50. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walifika karibu asilimia 73. Aliyeandika "Haya, asante" aliisikia sentensi yake ikiwa na tabasamu. Aliyeisoma alipewa herufi tupu, akalazimika kuitafutia sauti mwenyewe, na siku akiwa amechoka huenda akaipa sauti ya hasira.

Anayepokea naye ana upofu wake. Mwaka 1967, Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi insha zilizomuunga mkono au kumpinga Fidel Castro wa Cuba. Walipoambiwa kuwa mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, hakuuchagua, wasomaji bado waliamini kwa kiasi fulani kwamba aliyoyaandika ndiyo aliyoyaamini. Mwaka 1977, Lee Ross na wenzake walilionyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Walipiga kura nani awe muulizaji na nani awe mjibuji katika mchezo wa chemshabongo. Muulizaji alitunga maswali magumu kutokana na mambo anayoyajua yeye, na wajibuji walipatia kwa wastani manne hivi kati ya kumi. Baada ya mchezo, wajibuji na watazamaji walimwona muulizaji kuwa mwenye elimu zaidi. Wote walijua kwamba nafasi ilitolewa kwa kura, na kwamba anayechagua maswali hawezi kuonekana mjinga. Hata hivyo, hali iliyomzunguka mtu ilipotea machoni mwao, akabaki mtu na sifa zake. Hapa ndipo madhara ya kila siku yanapozaliwa. Mwanafunzi anayekaa kimya huitwa mzito, mhudumu wa zahanati aliyekabili foleni tangu alfajiri huitwa mkorofi, na mkuu wa mkutano anayeuliza maswali yote huonekana ndiye mwenye akili.

Makosa haya mawili yakikutana huzaa la tatu, ambalo ndilo baya zaidi: kujiamini. Emily Pronin na wenzake walionyesha mwaka 2001 kuwa watu huamini wanawajua wenzao zaidi ya vile wenzao wanavyowajua wao. Mimi, nadhani, nina undani usioonekana, wewe unasomeka. Bila shaka nawe unaniwazia vivyo hivyo. Mambo hayaishii kwenye kujiona bora, kwa maana mara nyingine hesabu hiyo hiyo humdhulumu anayeipiga. Mwaka 2018, Erica Boothby na wenzake walichunguza watu waliozungumza kwa mara ya kwanza, wakagundua kwamba kwa kawaida kila mmoja alidhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Anayetoka kwenye mazungumzo hubaki na orodha ndefu ya aibu zake, kigugumizi chake na utani uliododa. Mwenzake hakuiona orodha hiyo, kwa kuwa alikuwa akihesabu aibu zake mwenyewe.

Hapa msomaji makini ataleta pingamizi. Kama tunawasoma watu vibaya kiasi hiki, tungewezaje kuishi pamoja, kufanya biashara, kuchagua wachumba? Na je, si kweli kwamba mara nyingine mtu wa nje huona asichokiona mwenyewe? Pingamizi hilo lina nguvu, na utafiti unaliunga mkono kwa sehemu. Nalini Ambady na Robert Rosenthal walionyesha mwaka 1993 kuwa watu waliotazama video fupi zisizo na sauti, za sekunde 30 au pungufu, walitoa tathmini za wahadhiri zilizolingana kwa kiasi kikubwa na zile za wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri hao muhula mzima. Simine Vazire naye aliandika mwaka 2010 kwamba mtu mwenyewe ndiye shahidi bora wa wasiwasi wake wa ndani, lakini marafiki humshinda katika kupima akili na ubunifu wake, kwa sababu katika mambo hayo kila mtu ana sababu ya kujipendelea. Matokeo haya hayaivunji hoja, yanaichorea mipaka. Macho ya wengine ni mazuri kwa kinachoonekana: uchangamfu, ufasaha, uhodari wa kazi. Udhaifu wao unajitokeza pale tunapotoka kwenye "alifanya nini" na kuingia kwenye "alikusudia nini", bila kutambua kwamba tumevuka mpaka.

Pingamizi la pili ni kwamba majaribio mengi kati ya haya yalifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, jamii inayomtazama mtu akiwa peke yake. Kwetu mtu ni wa watu. Akikosea tunauliza ni wa nani, ametoka wapi, kapatwa na nini. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1984, Joan Miller alilinganisha Wamarekani wa Chicago na Wahindu wa Mysore, India. Wamarekani watu wazima walieleza matendo ya wengine kwa tabia zao zaidi kuliko Wahindi, ambao walitaja zaidi mazingira na mahusiano. Kwa watoto wadogo tofauti hiyo haikuwa kubwa. Ilikua kadiri umri ulivyoongezeka. Kwa hiyo namna ya kutoa maelezo hufunzwa na jamii. Lakini kuyataja mazingira si sawa na kuyajua. Anayesema "huyo kapatwa na shida kwao" naye amekisia, ila amekisia kwa huruma. Wala sioni ushahidi kwamba malezi yetu yametupa dirisha la kuchungulia moyo wa mtu. Kinyume chake, utamaduni wa pwani umejenga mawasiliano yake juu ya utambuzi kwamba maana humaliziwa na mpokeaji. Mwanamke wa Unguja au Mombasa akitoka na kanga yenye jina la kijembe, hakumtaja mtu. Jirani akichukia, anaweza kujibiwa kuwa kanga ni nguo tu. Mchezo huo una nguvu kwa sababu pande zote zinajua kuwa nia haionekani, na kuwa anayejihisi kulengwa huleta nusu ya ujumbe kutoka moyoni mwake.

Pingamizi la tatu hutoka kwa walioishi pamoja miaka mingi: sisi hatuhitaji kuulizana, tunajuana. Kenneth Savitsky na wenzake walilipima dai hilo katika utafiti uliotoka mwaka 2011. Wanandoa na watu wasiojuana walikaa wakipeana migongo, wakatamka sentensi zenye maana zaidi ya moja. Wanandoa hawakuelewana zaidi kuliko wageni, ila waliamini zaidi kwamba wameelewana. Ukaribu uliwapa uhakika bila kuwapa usahihi. Tusilikuze jambo hili kupita kiasi: mume na mke wanajua mengi wasiyoyajua wageni, kuanzia chai isiyo na sukari hadi ndugu asiyetajwa mbele za watu. Lakini ujuzi wa mazoea ya mtu hauelezi neno hili la leo lina maana gani, na mazoea yenyewe huondoa tahadhari ambayo mgeni angekuwa nayo.

Basi watu hushauriana kila mmoja ajitie katika nafasi ya mwenzake. Ni wosia mzuri wa maadili, kwa kuwa hulainisha moyo. Kama njia ya kupata ukweli, umefeli. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley waliripoti mwaka 2018 majaribio 25 yaliyochunguza kama kujiweka katika nafasi ya mtu huongeza usahihi wa kujua anachowaza au kuhisi. Hayakuonyesha faida hiyo. Kilichosaidia ni kuzungumza na mhusika na kumuuliza. Sababu si ngumu kuiona: ninapojitia katika nafasi yako naingia na kichwa changu, mizigo yangu na wimbo wangu usiozimika. Nikitoka humo nitakuwa nimepata majibu yangu mwenyewe, nikiyapa jina lako.

Taasisi zilizolipia funzo hili kwa damu zimelifanya kuwa kanuni. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya kampuni ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa kadhaa, ukiwemo ukungu wenyewe na mawimbi ya redio yaliyozibana. Lakini katikati yake palikuwa na maneno: rubani msaidizi wa KLM alitamka sentensi iliyomaanisha kwamba wanaanza kuruka, na mwongoza ndege akaielewa kuwa wamefika mahali pa kurukia na wanangoja. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am imeshaondoka njiani. Nahodha, mmoja wa marubani wakubwa wa kampuni hiyo, alijibu kwa uhakika kuwa imeondoka, na swali likafia hapo. Sekta ya anga haikujibu kwa kuwataka watu wakisie vizuri zaidi. Iliyakaza maneno ya redio, ikalibakiza neno la kuruka kwa ajili ya kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka, na ikasisitiza rubani arudie agizo alilopewa ili mwongoza ndege asikie kilichoeleweka. Halafu yakaja mafunzo ya kuwazoesha wadogo kuhoji na wakubwa kuhojiwa. Hospitalini pia kuna desturi inayofanana nayo: mhudumu humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyomeza dawa. "Umeelewa?" huvuta "ndiyo" ya heshima, "hebu nieleze utakavyozimeza" huonyesha kilichofika.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: kwetu kuuliza moja kwa moja kunaweza kuwa utovu wa adabu. Kijana hamwambii mzee "ulikuwa na maana gani?" Mkwe hamhoji mkwe. Nakubali, na ndiyo maana jamii zetu ziliunda njia za kuuliza bila kuvunjiana heshima. Mshenga ni mfano bora: hupeleka swali, hurudisha jibu, hurekebisha lililoeleweka vibaya, na pande zote mbili hubaki na heshima zao. Adabu inabadilisha njia ya kuuliza, haimwondolei mtu haja ya kujua. Anayeona aibu kuuliza nia anaweza kusema alichokielewa yeye: "Shikamoo mzee, nimekuelewa kwamba mzigo uondoke kesho, nisahihishe nikikosea." Hapo hajamhoji mkubwa, amejihoji mwenyewe mbele yake.

Lakini hapa pia ndipo wajibu unapoelemea upande mmoja. Mdogo akiuliza anahatarisha heshima yake, labda na kazi yake. Mkubwa akiuliza hapotezi kitu. Na kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo anavyozungukwa na vichwa vinavyotikisika kukubali, hivyo picha aliyo nayo juu ya wengine, na juu yake mwenyewe, huzidi kukosa masahihisho. Kuuliza nako si dawa kamili. Anayeulizwa anaweza kudanganya, na uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu hutofautisha uongo na ukweli kwa asilimia 54 tu. Anaweza pia kuwa haijui sababu ya tendo lake. Hata hivyo, jibu lenye kasoro kutoka kwa mhusika ni ushahidi unaoweza kupimwa, kulinganishwa na kurekebishwa. Dhana iliyofungiwa kichwani haina wa kuipinga. Mzazi, mwalimu, daktari au meneja anayetaka kuwajua watu wake aanze na jambo lililo ndani ya uwezo wake: aulize kwanza, arudie alichosikia, na asimwadhibu atakayemwambia kwamba amekosea.