Pini ya Ingizo au Pini Badilifu?

Mkaazi wa Busia au Tororo anajua kwamba lango la mpakani hupitisha watu wa pande zote mbili. Ndivyo zilivyo pini za kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Zaidi ya nusu ya pini zake 40 hazina mwelekeo wa kudumu. Programu ndiyo huamua kama pini itapokea ishara kutoka kwenye swichi au itatoa umeme wa kuwasha kitaa. Kwa hiyo istilahi "pini ya ingizo" inapotosha: ingizo ni hali ya muda tu. Napendekeza "pini badilifu". Wanafunzi wajihadhari, pini hizo huhimili volti 3.3, na jirani zake mbili hutoa 5. Zikiguswa pamoja, kompyuta yaweza kuungua.