Usimjaribu Mungu kwa tairi kipara

Jumapili hii ya kwanza ya Kwaresima tunamwona Ibilisi akimpandisha Yesu juu ya mnara wa Hekalu na kumshauri ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Ibilisi anataja hata Zaburi. Yesu anakataa. Anajua kwamba Baba anamlinda, na ndiyo maana hamwekei Baba mtihani.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea Noah yake niibariki baada ya Misa. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na rozari inaning'inia mbele. Nilipoizunguka na maji ya baraka nikaona matairi ya nyuma: kipara kabisa, waya umeanza kuchungulia. Nikamuuliza anakwenda wapi na gari hilo. "Arusha na Karatu, Baba. Ndiyo maana nataka baraka." Nikamwambia nitaibariki siku atakayorudi na matairi. Aliondoka amenuna. Baada ya wiki tatu alirudi, nikaibariki kwa furaha.

Usinisifu. Jioni ile nilikagua gari letu la parokia. Mpira wa waipa ulikuwa umekauka na taa moja ya breki haikuwaka. Mwalimu alikuwa amemfukuza mwanafunzi kwa kosa lake mwenyewe.

Wakazi wa Arusha tuna Jumamosi mbili ambazo hatuwezi kuzisahau. Tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, Karatu. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Tuliyaaga majeneza yale katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tarehe 24 Februari 2024, kesho yake ikiwa Jumapili ya pili ya Kwaresima, lori liliyagonga magari mengine pale Ngaramtoni, barabara ya Namanga, na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa zilizotolewa zilitaja hitilafu ya breki za lori hilo.

Kutafuta chanzo cha kila ajali ni kazi ya vyombo vya sheria. Mimi nina neno moja tu kuhusu kauli tunayoirudia misibani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli, haina. Lakini kazi ya fundi ina makosa, ya dereva ina makosa, na ya mwenye gari ina makosa. Tusimbebeshe Mungu mzigo wa breki tulizokataa kuzitengeneza.

Maandiko yako wazi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, anayejenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakusema, "Ombeni asianguke mtu." Alisema jengeni ukingo. Katekisimu yetu, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia nzito.

Masika yako mlangoni. Mvua za kwanza huchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika, na lami inateleza kama sabuni. Yakiisha masika inakuja baridi ya Juni na Julai, pamoja na ukungu wa asubuhi kutoka Meru. Kwa hiyo Kwaresima hii, ukishaichunguza dhamiri yako, lichunguze na gari lako.

Tazama matairi: kazi ya mifereji yake ni kutoa maji, na tairi kipara huelea juu ya maji badala ya kushika barabara. Ukinunua la mtumba, tafuta namba nne za mwisho ubavuni. 1419 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hupasuka hata likiwa na meno. Muulize fundi kuhusu mafuta ya breki pia, kwa maana hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu zinaweza kukataa. Unaposhuka kuelekea Mto wa Mbu, weka gia ndogo, usikanyage breki njia nzima. Badilisha waipa. Washa taa zote, kisha mwombe mtu asimame nyuma akuambie zipi haziwaki. Kwenye mvua na ukungu punguza mwendo na umwachie aliye mbele nafasi kubwa.

Wewe mwenye gari unayedai hesabu kila jioni lakini kila dereva akitaja matairi unasema "mwezi ujao", jua kwamba hiyo ni dhambi ya haki, na abiria ndio wanaoilipa. Nawe abiria, ukiona dereva amelewa au anashindana na mwenzake, sema. Shuka ikibidi. Katika Misa tunaungama pia dhambi za kutotimiza wajibu, na kunyamaza ndani ya daladala kunaweza kuwa mojawapo.

Labda mwaka huu umepanga kuacha bia au nyama. Vema. Fedha utakayookoa inaweza kununua mpira wa waipa, pengine hata tairi. Bodaboda atakayevuka mbele yako siku ya mvua hatajua kwamba ulifunga kwa ajili yake. Atafika tu nyumbani kwake, na watoto wake watamfungulia mlango.

Kisha lete gari lako kanisani. Nitalibariki kwa moyo wote, ila nitaanza kwa kuliinamia matairi.

Nawatakia Kwaresima njema na safari salama.