Swali la Mtafiti

Katika elimu za jamii, ambazo kazi yake ni kuchungua namna wanadamu wanavyoishi pamoja, wanavyotawaliwa, wanavyopata riziki na wanavyoikosa, aghalabu utafiti huharibika kabla haujaanza, si kwa uvivu wa mtafiti wala kwa uhaba wa fedha, bali kwa sababu alitoka nyumbani na jambo la kutazama bila ya kuwa na swali la kuuliza. Umaskini ni jambo. Athari za utalii ni jambo. Hata mchango wa wanawake katika maendeleo ya kijiji, maneno ambayo hayaishi kuonekana katika majalada ya tasnifu za vyuo vyetu, ni jambo tu, kwani hayana mahali ambapo ukweli ungeweza kusimama na kumwambia mwandishi, hapana, sivyo. Na kwa hiyo anaweza kujaza kurasa mia asikutane na kitu cha kumpinga.

Kisa cha Marienthal, kijiji cha viwanda kusini-mashariki ya Vienna nchini Austria, chastahili kusomwa na kila anayejifunza kazi hii. Kiwanda cha nguo ndicho kilichokilisha kijiji hicho, na milango yake ilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, jamaa 478 zilizoishi pale zilijikuta, karibu zote kwa pamoja, katika dhiki ya kukosa kazi. Wataalamu vijana waliokwenda kuwachungua, wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, hawakuwa na azma hiyo tangu awali. Lazarsfeld alisimulia baadaye kwamba walitaka kuchungua namna wafanyakazi wanavyotumia wasaa wao wa mapumziko, na kwamba walipompelekea rai hiyo Otto Bauer, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, aliikataa waziwazi, akawauliza itakuwaje wachungue mapumziko katika zama ambazo maelfu ya watu hawana kazi ya kupumzika nayo.

Jawabu lile liliwafaa kuliko kitabu kizima cha kanuni. Lakini kukosa kazi nako kungalibaki kuwa jambo tu, lau wasingalilikaza mpaka likawa swali: je, mtu aliyenyimwa kazi kwa muda mrefu hupandwa na ghadhabu ya kuasi, au hulegea mpaka akaacha kutaka kitu? Majawabu yote mawili yaliwezekana, wapo watu wenye busara walioamini la kwanza na wapo walioamini la pili, na siasa ya nchi nzima ilihitaji kujua lipi ni kweli. Hizo ndizo sifa ninazozitafuta mimi kwanza katika swali lolote la utafiti, na nikizikosa, uzuri wa lugha na wingi wa takwimu havinishawishi.

Wala hawakumwendea mtu mlangoni wakamuuliza kama amekata tamaa. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, wakalichukua swali kuu la utafiti wao, wakaliandika katika dodoso kama lilivyo, wakamtaka mkulima au mvuvi awajibie kazi ambayo ni yao wenyewe. Watu wa Marienthal walitazamwa katika mambo ambayo hawakudhani kuwa yana maana. Maktaba ya wafanyakazi iliondoa ada ya kuazima, na watu walikuwa na wakati tele wa kusoma. Walakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Watafiti walikaa mahali wasipoonekana, saa mkononi, wakiwapima wapita njia katika barabara kuu ya kijiji, wakaona kwamba wanaume walikwenda polepole kuliko wanawake, na kwamba karibu theluthi mbili ya wanaume hao walisimama mara mbili au zaidi kabla ya kufika waendako. Wanawake walikuwa wamepoteza ujira kama waume zao, lakini kupika, kufua na kulea watoto kuliwabakia, na siku zao zilikuwa bado na mpango. Jawabu likadhihirika kidogo kidogo: kijiji hakikuasi, kilichoka.

Tuliangalie jambo hili kwetu. Tuseme mwanafunzi wa Dar es Salaam anataka kuandika juu ya bodaboda, na anakuja na anwani ya athari za bodaboda kwa vijana. Apelekwe kwanza kijiweni, akae hapo asubuhi nzima bila ya karatasi, asikilize wanayozungumza madereva wakati abiria ni wachache. Atawasikia wakitaja hesabu, yaani fedha ambazo dereva humpelekea mwenye pikipiki kila siku. Atawasikia pia wakitaja mkataba, ambao kwao dereva hulipa hesabu kwa muda waliopatana na tajiri wake, kisha pikipiki ikawa yake. Akirudi, swali lake litakuwa limepata mwili: je, miongoni mwa vijana walioingia katika mkataba, ni wangapi wanaofika mwisho wake, na wanaoshindwa hushindwa kwa sababu gani, maradhi, ajali, faini za barabarani, au wingi wa hesabu yenyewe? Swali hili lina watu wanaojulikana, lina muda, lina jawabu linaloweza kupatikana na mtu mmoja mwenye nauli ndogo. Na dereva mwenyewe, akisomewa, atataka kujua jawabu lake.

Yapo maswali mengine ambayo ni hukumu zilizovaa nguo za swali. Anayeuliza kwa nini vijana wa siku hizi ni wavivu amekwisha kukata kesi kabla ya kumsikiliza shahidi hata mmoja, na atakachokusanya ni ushahidi wa kumpendeza yeye. Insafu yamtaka aulize kwanza kama huo uvivu upo, na ni kwa kipimo gani.

Basi ninawaomba walimu wanaowasimamia vijana wetu, kabla ya kutia sahihi yao katika pendekezo lolote la utafiti, wamuulize mwanafunzi neno moja: ni kitu gani, ukikikuta huko uendako, kitakulazimu kukiri kwamba dhana yako haikuwa kweli? Akikosa la kujibu, wamrudishie karatasi zake, wampe wiki mbili za kukaa na watu anaotaka kuandika habari zao, kisha aje tena.