Binti anayeumwa tumbo kila Jumatatu

Kuna mgonjwa tunayemwona mara kwa mara kliniki. Ni binti wa miaka 12 au 14, ameletwa na mama yake kwa sababu anaumwa tumbo. Kipimo cha malaria hakina kitu, mkojo safi, choo safi. Jumamosi na Jumapili anacheza na wenzake. Jumatatu asubuhi, sare ikishavaliwa, tumbo linarudi.

Mzazi huhisi mtoto anadeka. Mara nyingi hadeki. Mwili ukiwa na hofu humwaga homoni ya adrenalini: moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo husokota. Hofu hiyo ikijirudia kila siku, mtoto hupata maumivu ya kichwa, hukosa usingizi na hamu ya kula, na wengine waliokwisha kuacha huanza tena kukojoa kitandani. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake hakionekani kwenye hadubini.

Ndiyo maana daktari anapaswa kuuliza swali moja la ziada: njia ya kwenda shule ikoje? Hapo ndipo husikika habari za kijiwe anachopita akipigiwa miluzi, kondakta anayemshika kiuno akipanda daladala, au dereva wa bodaboda aliyeanza na lifti, akaja na chipsi, na sasa anadai malipo yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, Bara na Zanzibar. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 kati ya 7. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Njia ya kwenda na kurudi shule ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa.

Hospitalini hatuna kidonge cha kuondoa kijiwe njiani. Dawa hiyo iko mikononi mwa mtaa.

Masoko yalivyofanya

Mfano mzuri uko Dar es Salaam. Katika masoko ya Ilala na Temeke, wanawake wafanyabiashara walikuwa wakitukanwa, wakishikwashikwa na wengine kuchukuliwa bidhaa bila kulipwa. Shirika la Equality for Growth lilianzisha nao kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi. Baadhi ya wafanyabiashara wenyewe walifundishwa sheria ili wawasaidie wenzao, na masoko yakaweka kanuni zinazokataza lugha chafu na udhalilishaji, pamoja na adhabu kwa anayezivunja.

Kilichosaidia ni kwamba aliyetukanwa alijua pa kwenda palepale sokoni, na aliyetukana alijua kuwa majirani zake hawatacheka naye.

Jirani zetu wa Uganda wamepima jambo hili kwa utafiti. Mjini Kampala, mpango uitwao SASA! uliwatumia wakazi wa kawaida kuzungumza na majirani zao kuhusu nani ana nguvu nyumbani na anaitumiaje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa katika maeneo yaliyopata mpango huo, kiwango cha wanawake kupigwa na wenza wao kilikuwa chini kwa karibu nusu kikilinganishwa na maeneo mengine. Tabia tuliyodhani ni ya kudumu ilibadilika ndani ya miaka michache.

Mtaa wako uanzie wapi?

Chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), kila kata na kila mtaa au kijiji unatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako kamati hiyo ilikutana lini mara ya mwisho. Kama haijakutana, ombeni iitishwe.

Pelekeni mambo yanayotekelezeka. Wazazi na walimu watembee njia ya shule pamoja na mabinti, nao waonyeshe wanapoogopa. Vichaka vifyekwe, pagale lizibwe, watoto wa njia moja watembee kwa kundi. Viongozi wa kituo cha bodaboda waitwe na wakubaliane na mtaa juu ya hatua dhidi ya dereva atakayemsumbua mwanafunzi. Vijana wa kijiweni nao waongeleshwe na watu wanaowaheshimu: kocha wao wa mpira, imamu, mchungaji, kaka zao. Wengi wao wana dada zao wanaopita njia hiyohiyo.

Yakivuka maneno

Mtoto akiwa amebakwa au kulawitiwa, awe wa kike au wa kiume, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Hutumika kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Ikiwezekana asioge wala kubadili nguo kabla ya kupimwa. Kama amebadili, weka nguo hizo kwenye mfuko wa karatasi, usizifue.

Hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono huwa na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Kwingineko, fomu ya PF3 hupatikana polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Kikao cha familia cha kuyamaliza kwa fidia humwacha mtoto bila dawa na mhalifu bila kesi.

Binti akikuambia amesumbuliwa, usianze na "ulikuwa umevaaje?" wala "ulipita huko kufanya nini?" Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia." Kisha Jumatatu, hata kama utachelewa kidogo kazini, tembea naye hadi shuleni.