Redio za Ridhaa za Dijitali: Zinafanyaje Kazi, na Je, Zitaifaa Zahanati?



Mwezi Februari usharika rafiki wa mojawapo ya sharika zetu, ulioko Ujerumani, ulituandikia ukiuliza kama tungependa kupokea redio mbili za mkononi za mfumo wa dijitali. Mzee mmoja wa usharika huo ni mwendesha redio wa ridhaa, na kila jioni huzungumza na wenzake wa Japani na Australia akiwa amekaa kibarazani kwake, mkononi ameshika redio isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kamati ya zahanati yetu ikaniuliza swali la haki kabisa: "Mratibu, kama yeye anaipata Japani, sisi tutashindwaje kuipata hospitali iliyo kilomita 60?"

Swali hilo halikutoka hewani. Wakati wa masika ya mwaka jana barabara ilikatika, mafuta ya jenereta hayakufika kwenye mnara wa simu, na mnara ukanyamaza siku tatu. Siku ya pili alifika mama mwenye uchungu pingamizi. Muuguzi alimtuma kijana wa pikipiki na barua, na gari la hospitali likafika usiku. Mama tulimpata, mtoto hatukumpata. Nyuma ya zahanati hiyo bado imesimama nguzo ya antena ya simu ya upepo tuliyoacha kuitumia simu za mkononi zilipoingia. Siku hizi imefungwa kamba ya kuanikia nguo.

Kwanza tuelewane juu ya neno ridhaa. Mwendesha redio wa ridhaa ni mtu binafsi aliyejifunza, akafanya mtihani, akapewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake pamoja na jina lake la mwito. Majina ya mwito ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z. Haruhusiwi kulipwa kwa mawasiliano hayo wala kufanyia biashara. Leseni ni ya mtu, hivyo usharika haupati redio ya ridhaa kwa sababu tu umepewa zawadi ya redio.

Redio ya mkononi ina nguvu ndogo, kwa kawaida wati 5 hivi, na mawimbi yake hayapandi mlima. Ukiwa upande wa pili wa kilima umekwisha. Ndiyo maana waendesha redio huweka ripita mahali pa juu: mtambo unaopokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha tena kwa nguvu zaidi kwenye masafa mengine. Watu wawili wasioonana, lakini wote wanauona mlima ule, wanaweza kuzungumza. Hayo yalikuwapo tangu zamani kwa mfumo wa analojia.

Kilichokuja na dijitali ni kwamba sauti hukatwa vipande vidogo sana, na kila kipande hugeuzwa kuwa namba. Chama cha waendesha redio wa ridhaa wa Japani, JARL, kilitoa mfumo wake uitwao D-STAR mwaka 2001. Humo sauti ya mtu huchukua namba 2,400 tu kwa sekunde, na nyingine 1,200 za kusahihisha makosa ya njiani, wakati simu ya kawaida ya dijitali hutumia 64,000. Kutoka Ulaya ukaja DMR, uliotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya makampuni, walinzi na madereva, na watu wa ridhaa wakauchukua kwa kuwa redio zake zilipatikana kwa bei nafuu. DMR hupitisha mazungumzo mawili kwenye masafa yale yale kwa kupokezana, kila moja likipewa sehemu 30 kati ya elfu moja za sekunde. Sikio halitambui kabisa.

Sasa, sauti ikishakuwa namba, ni rahisi kuitia kwenye intaneti. Ripita iliyounganishwa hupeleka namba hizo kwenye seva, nayo seva huzigawa kwa ripita nyingine zote zilizochagua kundi lile lile. Katika mtandao uitwao BrandMeister, kundi la 91 ni la dunia nzima, na la 262 ni la Ujerumani. Hapa ndipo lilipo jibu la kamati. Mawimbi ya mzee wetu hayafiki Japani. Yanafika kwenye ripita ya mlima wa jirani, na safari iliyobaki ni ya intaneti. Pengine hata mlimani hayafiki, maana wengi siku hizi wana kisanduku kidogo nyumbani, chenye nguvu ya sehemu moja ya mia ya wati, kilichounganishwa na intaneti ya nyumba. Nilipomwuliza alicheka akakiri: chake kipo juu ya kabati la vitabu, hatua sita kutoka kibarazani.

Sisemi hayo kumdharau. Mtandao huo umewaunganisha watu ambao wasingekutana kamwe, na mahali penye ripita nyingi zenye betri na sola, hata intaneti ikikatika kila ripita huendelea kuhudumia eneo lake. Lakini kwetu ripita haipo, na intaneti yetu inapitia mnara ule ule ulionyamaza.

Lipo na jambo jingine wauzaji hawalisemi sana. Redio ya analojia inapofifia husikika kelele, ila sikio lililozoea bado hunasa maneno, "mama", "damu", "njooni". Ya dijitali husikika safi kabisa hadi mpaka fulani, kisha hukoroma kama jogoo mgonjwa, halafu kimya. Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 tumezoea kutaniana kwamba fulani bado ni analojia. Penye mawimbi hafifu, huyo wa analojia ndiye anayesikika.

Na dijitali si siri. Kanuni za kimataifa zinakataza redio ya ridhaa kuficha maana ya ujumbe unaovuka mipaka. Muuguzi akitaja jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye kundi la 91, amelitangaza duniani. Kanuni hizo hizo, tangu mkutano wa mwaka 2003, zinazihimiza nchi kuwaruhusu waendesha redio wa ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa, lakini kazi ya kila siku ya zahanati si maafa.

Kisiwa cha Puerto Rico kinatufundisha. Kimbunga Maria kilipokipiga Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizimika. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukakiomba chama cha waendesha redio wa ridhaa wa nchi hiyo watu wa kujitolea, wakaenda 22. Sehemu kubwa ya walichobeba ilikuwa redio za mawimbi mafupi, zisizohitaji mnara wala seva, wakatuma kwazo majina ya walionusurika ili ndugu zao wapate habari.

Mawimbi mafupi ndiyo ya simu yetu ya upepo. Waya wa antena ukitandazwa chini chini, mawimbi hupanda moja kwa moja juu, hugonga tabaka la anga kilomita zipatazo 300, kisha hurudi chini nyuma ya milima yote. Kilomita 60 ni kazi yake hasa.

Kwa hiyo tumewajibu marafiki zetu kwa shukrani, tukawaomba redio zile zibaki huko, na badala yake watusaidie betri mbili na paneli ya sola. Tumeanza pia kufuatilia leseni ya masafa kwa jina la dayosisi. Kamati zote zenye nguzo ya antena ambayo bado imesimama zinaombwa zisiing'oe wala kuuza waya wake kabla fundi hajapita, na zituandikie kama kifaa chenyewe bado kipo stoo, hata kama hakiwaki.