Mama, Usifiche Shida ya Mkojo Baada ya Kujifungua

Mwezi huu twaacha kidogo habari za mbolea na dawa ya kupe, tuzungumze juu ya afya ya mama. Labda mtu atauliza, "Karani wa ofisi ya kilimo ana neno gani na mambo ya uzazi?" Jibu ni rahisi. Katika skimu zetu, anayekama alfajiri, anayepalilia na kuteka maji mara nyingi ni mama. Akiwa na shida, shamba lote lina shida.

Shida yenyewe ni hii. Mama amejifungua salama na mtoto ananyonya vizuri, lakini mama akikohoa, akicheka au akiinua mzigo, mkojo humtoka bila kupenda. Hamwambii mtu. Katika mkutano wa chama cha ushirika hukaa karibu na mlango, na baadaye huacha kuhudhuria kabisa.

Mama, jua kwanza kwamba hauko peke yako. Katika kila akina mama watatu waliojifungua, yapata mmoja huona shida hii. Si laana, wala si uchafu.

Sababu yake ni nini? Chini ya tumbo, kati ya mifupa ya nyonga, kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Misuli hiyo huchukua kibofu cha mkojo, mji wa mimba na utumbo, tena husaidia kubana njia ya mkojo. Wakati wa mimba hulemewa na uzito, na wakati wa kuzaa huvutwa sana, ikalegea. Ewe mkulima, waya wa seng'enge ukilegea hung'oi ua mzima, bali waukaza. Misuli hii nayo hukazwa kwa mazoezi. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari zake mwaka 1948, na hata leo wauguzi huyafundisha.

Fanya hivi. Lala chali au keti. Bana kana kwamba wazuia upepo usitoke, na papo hapo kana kwamba wazuia mkojo. Utasikia misuli ikivutwa ndani na juu. Usikaze mapaja wala matako, na usizuie pumzi. Hesabu polepole hadi 5, kisha legeza na upumzike kwa hesabu iyo hiyo. Rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kila siku. Ukipata nguvu, endelea hadi hesabu ya 10. Kabla ya kukohoa au kuinua kitu, bana kwanza.

Waweza kuanza siku chache baada ya kuzaa, ikiwa huoni maumivu. Kama ulishonwa au uliwekewa mpira wa mkojo, muulize muuguzi kwanza. Usifanye mazoezi haya wakati wa kukojoa, kwa maana kibofu chaweza kubakiza mkojo. Tena usikate tamaa baada ya juma moja. Yataka miezi mitatu. Tia alama katika daftari kila siku, kama tunavyoandika kilo za maziwa.

Usiache kunywa maji. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na anayenyonyesha anahitaji maji mengi. Afadhali kupunguza chai ya rangi na kahawa. Kula mboga, maharagwe na matunda ili choo kiwe laini, kwani kujikamua chooni huilegeza misuli zaidi.

Sasa neno kwa mabwana. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na gunia la viazi lina kilo 50. Hatumfungi ng'ombe aliyezaa jana kwenye plau. Basi mbona mama aliyejifungua juzi apande mlima na mtungi mgongoni? Kwa majuma 6 ya kwanza asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Tumia punda au mkokoteni, au uteke maji mwenyewe. Wala usimcheke. Neno moja la dhihaka laweza kumfanya afiche ugonjwa miaka mingi.

Lakini sharti mtofautishe jambo moja. Mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliokawia, huenda kuna tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Ugonjwa huo huitwa fistula, na mazoezi hayauponyi. Kwa kawaida daktari hulishona tundu hilo kwa operesheni, na akina mama wengi hupona. Nenda hospitali upesi, usingoje. Nenda pia ukishindwa kukojoa, ukiona damu katika mkojo, ukisikia mkojo unachoma pamoja na homa, au ukisikia uvimbe unashuka ukeni. Na kama umefanya mazoezi kwa miezi mitatu bila nafuu, mwone muuguzi au daktari, kwani kuna msaada mwingine.

Siku ya kumpeleka mtoto kuchanjwa, mweleze muuguzi habari zako pia. Amesikia mambo kama hayo mara nyingi, na hatashangaa.